Binti wa Mpasuaji wa Norwe

Daktari huyo nilimfahamu kupitia binti yake, na binti yake nilimfahamu kwa sababu ya kidonda.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi ya hemtjänst, ile huduma ya kuwazungukia wazee majumbani mwao, kuwaosha, kuwapashia chakula moto na kuwakumbusha dawa. Nilipangiwa mama mmoja aliyeishi peke yake Jakobsberg, nje kidogo ya Stockholm, ghorofa ya pili, karibu na stesheni ya treni. Alikuwa anakaribia miaka tisini. Mgongo ulikuwa umepinda lakini akili ilikuwa timamu kabisa, na kwenye muundi wa mguu wa kushoto alikuwa na kidonda kilichokataa kufunga. Siku ya kwanza nilipiga magoti mbele ya kiti chake, nikafungua bendeji ya zamani, nikachukua mkasi ili nikate shashi mpya.

"Nani alikufundisha kushika mkasi namna hiyo?" akauliza.

Nikautazama mkono wangu. Kidole gumba kwenye tundu moja, kidole cha pete kwenye tundu la pili, kidole cha shahada kimelala juu ya chuma. Sikuwa najua kwamba bado naushika hivyo.

"Hospitalini," nikasema. "Kwetu Kongo. Nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji."

"Baba yangu aliushika hivyohivyo, hata akikata karatasi za kufungia zawadi za Krismasi. Alikuwa mpasuaji."

Nikamaliza kufunga mguu. Nilipokuwa navaa koti ndipo aliponiuliza jambo ambalo hakuna mtu Uswidi aliyewahi kuniuliza.

"Unapakumbuka? Kule chumba cha upasuaji?"

Nilimwambia napakumbuka kila siku. Ilikuwa kweli.

Mimi ni mtu wa Kivu ya Kusini, na huko ndiko nilikosomea uuguzi. Hospitali yetu ilikuwa ndogo, juu ya kilima, ikitumia jenereta iliyopenda kuzimika katikati ya kazi. Vita vilipokaribia tuliendelea kumpokea kila aliyeletwa, mpaka hospitali yenyewe ikaporwa na sisi tukatawanyika. Mimi na mume wangu tulikaa miaka kadhaa kambini Burundi. Tulipoletwa Uswidi binti yetu alikuwa bado ananyonya. Tulipata nyumba Hjulsta, pale njia ya bluu ya treni za chini ya ardhi inapoishia. Mume wangu alijifunza kuendesha basi. Mimi niliambiwa kwamba uuguzi wangu wa Kongo hautoshi. Kwanza Kiswidi, kisha mitihani, kisha mazoezi hospitalini chini ya usimamizi, ndipo nipewe leseni. Mtoto alikuwa anataka kula. Nikachukua kazi iliyopatikana, nikajiambia mitihani itasubiri. Ikasubiri, mtoto akafika sekondari.

Sikujua nimwite nani yule mama. Wenzangu kazini walimwita kwa jina lake la kwanza, kama ilivyo desturi ya huku, lakini mdomo wangu ulikataa. Rafiki yangu Mtanzania tuliyefanya naye kazi akanishauri, "Si umwite bibi tu, dada." Nilicheka sana, kwa sababu kwetu bibi ni mke wa mtu. Mwishowe nikamwita Mama. Nilipomweleza maana yake alitabasamu, akasema hajawahi kuitwa hivyo. Hakujaaliwa watoto, na mume wake Mswidi alishafariki.

Maisha ya baba yake alinisimulia kidogo kidogo, kila nilipokuwa chini pale nikishughulikia mguu. Nadhani ilikuwa rahisi kwake kuongea na mtu asiyemtazama usoni.

Baba yake alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha mbao. Alisomea udaktari kwa shida, akawa mpasuaji katika hospitali ya mji mmoja mashariki mwa Norwe, si mbali na mpaka wa Uswidi. Alikuwa mrefu, mkimya, na alipiga mluzi akinawa mikono kabla ya kazi. Wajerumani walipoivamia Norwe ndiyo kwanza alikuwa ameoa na kupata mtoto.

"Usifikiri alikuwa shujaa tangu asubuhi ya kwanza," Mama aliniambia. "Aliendelea kupasua ngiri na mawe ya nyongo. Alisema siasa si kazi yake."

Kilichombadilisha ni mtu mmoja aliyeletwa na risasi begani. Amri ya Wajerumani ilikuwa wazi kwamba kila mwenye jeraha la risasi aripotiwe polisi. Daktari aliitoa risasi, akaiosha, akaitia mfukoni, kisha akaandika kwamba mgonjwa ameumizwa na msumeno kiwandani. Mgonjwa akapona, akaenda zake. Baada ya wiki chache akaletwa mwingine, kisha wengine. Habari zilikuwa zimeenea kwamba kwenye hospitali ile kuna mtu wa kuaminika. Mwishoni mwa korido kulikuwa na chumba kimoja ambacho daktari alikibandika tangazo la dondakoo. Wajerumani waliogopa dondakoo kuliko bunduki. Ndani ya chumba kile walilala watu wazima wa afya, wamefungwa mashuka mpaka kidevuni, wakisubiri kuvushwa msituni kwenda Uswidi.

Kisa nilichokipenda zaidi ni cha fundi wa reli. Huyu alikuwa akipeleka habari za treni za kijeshi kwa wapinzani wa Wajerumani, na alipogundulika akakimbilia hospitalini kwa jina la uongo, akajifanya anaumwa tumbo. Jioni hiyo polisi wa siri wakatoa taarifa kwamba kesho yake daktari wao mwenyewe atakuja kukagua kila kitanda. Baba yake Mama akaketi kando ya fundi.

"Nimebakiwa na njia moja tu," akamwambia. "Lazima nikupasue kweli."

Yule bwana akafikiri, kisha akasema, "Nimeshakula viazi. Itakuwa tatizo?"

Alipasuliwa, akaondolewa kidole tumbo kisicho na ugonjwa wowote, huku muuguzi mkuu akisaidia. Asubuhi daktari wa Kijerumani akafunua shashi, akaona mshono mbichi, akaona mtu amepauka kama chokaa, akaenda kitanda kilichofuata. Nyuzi zilipotolewa fundi akavushwa.

"Baba aliona haya kwa operesheni ile," Mama alisema. "Mara zote alisema ndiyo pekee aliyomfanyia mtu mzima wa afya. Lakini yule bwana! Baada ya vita alikuwa anakuja kwetu kila kiangazi. Akienda kuogelea anamwonyesha kovu kila mtu ufukweni, hata watu asiowajua."

Tulicheka mpaka ikabidi niifunge bendeji upya.

Halafu siku moja akanisimulia jinsi walivyokimbia. Karani mmoja wa polisi alimpigia daktari simu, akasema, "Mgonjwa wako wa kesho hatakuja." Hilo ndilo neno walilokubaliana. Maana yake ilikuwa kwamba jina lake limetajwa. Alasiri hiyohiyo akatoka hospitalini na mkoba wake, kama mtu anayekwenda kumwangalia mgonjwa nyumbani. Kulikuwa na mwanamke aliyepasuliwa siku hiyo, na kumwacha kulimuumiza kuliko kuiacha nyumba. Mkata miti mmoja alimwongoza yeye na mke wake msituni kwenye theluji, mtoto akiwa juu ya sleji, kigari cha kuburuta kisicho na magurudumu. Watoto waliovushwa walinyweshwa dawa ya usingizi ili wasilie wakasikika, na huyu alinyweshwa na baba yake mwenyewe.

"Kwa hiyo mpaka sikuuona," Mama alisema. "Nilipofumbua macho nilikuwa jikoni kwa watu nisiowajua, mama mmoja wa Kiswidi ananisugua miguu. Kitu ninachokumbuka ni ule uchungu wa dawa mdomoni. Nilikuja kusomea ufamasia, na nadhani sababu mojawapo ni hiyo. Nilitaka kujua ilikuwa dawa gani. Baba hakutaka kuniambia. Alisema alihesabu matone yale mikono ikitetemeka, na mikono yake haikuwa na kawaida ya kutetemeka."

"Na hapa Uswidi akawa daktari?" nikauliza.

"Hapa Uswidi akawa mkata kuni," akajibu. "Wakimbizi wengi wa Norwe walipelekwa misituni kukata miti. Hakuna aliyemjua, na mwanzoni hospitali hazikuwa na nafasi ya kumpa. Alirudi jioni na malengelenge viganjani. Mama yangu alilia kwa ajili ya ile mikono. Baadaye ndipo walipomruhusu kuwatibu wakimbizi wenzake kambini, na baadaye tena akaingia hospitali. Alikwenda kuomba, akakataliwa, akarudi tena kuomba. Mpaka wakamchoka."

Nilikuwa nimeshafunga mguu. Nikakusanya vifaa vyangu.

"Na wewe," akasema, "utakata kuni mpaka lini?"

Nilitoka pale na hasira kidogo, nikasimama kituoni kusubiri basi la Hjulsta, nikiwaza maneno ya kumrudishia. Kwamba yeye hana mtoto wa kulea. Kwamba baba yake alikuwa mwanamume mzungu anayeongea lugha iliyo jirani na ya hapa. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililonisaidia. Basi lilipofika nilikuwa nimeshaamua kuuliza taratibu za mtihani.

Mama akawa mwalimu wangu. Kazini dakika zetu zilikuwa chache na zilipimwa, hivyo nilianza kwenda kwake siku zangu za mapumziko. Yeye alijua dawa zote, mimi nilijua miili, na katikati yetu kulikuwa na Kiswidi. Alinitajia dawa, nami nikamweleza inafanya nini, inagombana na dawa gani, na mgonjwa wa figo apewe vipi. Nikikosea alifumba macho kama mtu aliyeumwa jino. Nikipatia aliniwekea kipande kingine cha keki.

Tatizo ni kwamba alikuwa amekulia Norwe, walikorudi baada ya vita, na ingawa alikuwa ameishi Stockholm karibu maisha yake yote ya utu uzima, aliongea Kiswidi kwa sauti ya Kinorwe, ile inayopanda mwishoni kama swali. Mimi sikutambua. Binti yangu ndiye aliyetambua, siku moja mezani, nilipomsomea sentensi za mtihani.

"Mamma, unaongea kama Mnorwe!" akasema kwa Kiswidi, akacheka mpaka akalala juu ya meza. Yeye hunijibu kwa Kiswidi siku zote, hata nikimsemesha Kiswahili. Jioni ile alikaa nami kunirekebisha matamshi, sentensi moja baada ya nyingine, na nilifurahi kukaa karibu naye hivyo kuliko nilivyoonyesha.

Ndipo nikaamua kumwalika Mama nyumbani kwetu Jumapili baada ya kanisa. Mume wangu alikwenda kumchukua kwa gari la rafiki yake. Nilipika ugali wa muhogo, sombe, ambayo wengine huiita kisamvu, na samaki, na kwa tahadhari nikachemsha viazi. Viazi hakuvigusa. Alikula sombe mara mbili.

Kabla sijaendelea inabidi niseme kitu kuhusu mume wangu. Wakati wa vita nyumba ya wazazi wake ilichomwa, na mdogo wake akauawa. Muda mfupi baadaye, kwenye hospitali yetu, aliletwa kijana wa kundi lililofanya hivyo, tumbo limepasuliwa na kipande cha bomu. Mpasuaji wetu alimshona na mimi nikampa vifaa. Kijana akaishi. Mume wangu alijua, maana sikumficha. Hakuwahi kunitukana kwa hilo, lakini kila tulipogombana, liwe ni jambo la mchele au la kodi ya nyumba, nilijua kwamba lile lipo chini yake. Tumeishi nalo hivyo miaka yote.

Tulipokuwa tunakunywa chai, mume wangu akaweka kikombe chini, akamuuliza Mama kwa Kiswidi chake cha taratibu: "Baba yako, aliwatibu na Wajerumani?"

Mama hakushangaa.

"Ndiyo," akasema. "Mmoja nakumbuka habari zake, kwa sababu ziligawa nyumba yetu. Askari kijana, aligongwa na gari lao wenyewe, wengu likapasuka. Wiki hiyohiyo Wajerumani walikuwa wamewapiga risasi watu wawili wa mji wetu. Wenzake baba wakamjia, wale waliokuwa wakileta watu kwenye chumba cha dondakoo, wakamwambia, mwache. Hutakiwi kufanya lolote. Chelewa tu."

"Akafanyaje?"

"Hakuchelewa. Alimpasua akapona."

"Kwa nini?" Mume wangu hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Mama akafikiri. "Nilimuuliza nikiwa msichana. Alisema mtu akishalazwa mezani yeye huona jeraha, na anajua kulitengeneza, basi. Alisema akianza kuchelewa kwa huyu, hajui atachelewa kwa nani mwingine."

Binti yetu, aliyekuwa akisikiliza na simu yake ikiwa imezimwa, akauliza: "Na yule askari aliwasaidia baadaye? Mlipokimbia?"

"Hapana, mpenzi wangu. Alirudi jeshini. Hatujui alikwenda kufanya nini na ule uhai. Hilo lilimsumbua baba mpaka uzee wake. Lakini hakusema kwamba alikosea."

Mume wangu alikizungusha kikombe chake mezani. Kisha akauliza, "Na mama yako? Aliona sawa?"

"Mama yangu alikuwa na kaka aliyekamatwa na Wajerumani," akajibu. "Alikasirika sana. Alimpikia baba, alimfulia, lakini kwa muda mrefu hakumsalimia asubuhi."

Mume wangu akaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha ghafla, cha kutoka ndani, na machozi yalikuwamo. Akanitazama, akasema kwa Kiswahili, "Huyo ni mimi."

Tulimaliza chai. Alimrudisha Mama kwake, na aliporudi aliingia jikoni nilipokuwa naosha vyombo, akachukua kitambaa akaanza kufuta sahani. Baada ya muda akauliza, bila kunitazama, "Yule kijana mliyemshona. Alikuwa na umri gani?"

"Kama mdogo wako," nikasema. "Labda mdogo zaidi. Alikuwa anamwita mama yake."

Akatikisa kichwa, akaendelea kufuta sahani ileile ambayo ilikwisha kukauka. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza chochote kuhusu mtu yule. Tangu siku ile huwa tunagombana kuhusu mchele, na inakuwa ni mchele tu.

Mtihani wa kwanza nilifeli. Nilimpigia Mama simu nikiwa bado nimesimama nje ya jengo, nikamwambia naacha. Akasema, "Njoo kesho na keki, safari hii ununue wewe." Nikaenda. Tukaanza tena ukurasa wa kwanza. Wa pili nilifaulu. Kisha ukaja mtihani wa vitendo, ambako msimamizi, mwanamke mwenye nywele fupi za mvi, alinisikiliza nikimweleza mgonjwa wa majaribio nitakachomfanyia, akaandika andika, halafu akaniuliza kama niliwahi kuishi Norwe. Nilimwambia hapana, ila nilifundishwa na Mnorwe. Akasema, "Inasikika vizuri. Mgonjwa atatulia."

Nilipomaliza mazoezi hospitalini na kupata leseni nilikwenda kumwonyesha Mama. Kidonda chake kilikuwa kimefunga miezi kadhaa kabla, ngozi mpya nyembamba ya rangi ya waridi, na mtu wa kumhudumia sasa alikuwa mwingine, dada mchangamfu kutoka Burundi. Mama aliivaa miwani, akasoma jina langu kwa sauti, akatamka kila herufi sawasawa, hata zile ambazo Waswidi huzimeza. Akanishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaitazama. Kisha akauliza lini naanza, na kama mume wangu anaweza kumletea sombe.

Sasa nafanya kazi kwenye idara ya upasuaji ya hospitali moja hapa mjini, na nasomea ule utaalamu wa kusimama mezani karibu na mpasuaji, kama nilivyokuwa nikifanya kwetu. Nina wenzangu darasani ambao kwa umri ningeweza kuwazaa. Wananipenda, nadhani kwa sababu huwa sihofii damu na huwa nahofia kompyuta.

Juzi aliletwa mama mmoja mzee wa Kikongo wa kuwekewa nyonga mpya. Binti yake alimsindikiza mpaka mlangoni akimtafsiria, lakini zaidi ya pale ndugu hawaruhusiwi, na yule mama akaanza kutetemeka. Alikuwa anatazama taa, mashine, watu waliofunika nyuso. Daktari wa dawa ya usingizi alimwambia jambo la upole kwa Kiswidi, naye akazidi kuogopa. Nikasogea.

"Jambo, Mama," nikasema. "Habari ya safari?"

Macho yake yakanitafuta juu ya barakoa. "Wewe ni wa wapi?"

"Kivu ya Kusini."

"Mimi wa Kaskazini," akasema, kama tumekutana sokoni. "Utakuwa hapa?"

"Nitakuwa hapa mpaka wamalize. Siendi mahali."

Akanishika kidole, akaniambia jinsi hospitali za huku zisivyo na ugali, na maneno yake yakaanza kurefuka kwa ile dawa, na akalala katikati ya sentensi. Operesheni ilikwenda vizuri. Alasiri, kabla sijatoka kazini, nilipita wodini kumwangalia. Alikuwa macho, binti yake pembeni, anaomba chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Nikaenda kumtafutia.